TAHADHARI: "Flaiwili nyepesi" za Subaru zinazouzwa mtandaoni ni kuukuu zilizokerezwa

Wakuu, habari za kazi. Kama una Impreza, Forester au Legacy ya manyuo yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), na unafikiria kufunga flaiwili nyepesi, yaani lile gurudumu la chuma linalofungwa nyuma ya injini na kushikwa na klachi, soma hili kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote.

Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni hapa Dar na kutuma mzigo mikoani kwa basi. Anauza flaiwili anazosema ni za kromoli (aina ya chuma imara), mpya, kutoka Japani, kwa shilingi laki nne na nusu. Picha zake zinavutia na lugha yake ni ya kistaarabu. Lakini zile zilizopita mikononi mwetu gereji si kromoli na si mpya. Ni flaiwili za kawaida za injini za mtumba, zimepelekwa kwenye kerezo (mashine ya kuchonga chuma) zikapunguzwa unene, zikapigwa rangi ya fedha, kisha zikagongwa nembo ya kampuni maarufu ya Kijapani. Kitu hicho kikipasuka, kinapasukia miguuni mwako na mwa aliyekaa pembeni yako.

Kilichonifanya niandike ni Impreza WRX yenye injini ya EJ205, ya kijana mmoja aliyefungiwa flaiwili hiyo. Alilalamika kwamba gari likifika mizunguko 4,000 kwa dakika linatetemeka hadi lever ya gia inacheza mkononi. Fundi aliyemfungia alimwambia ni mauntini za injini (raba zinazoishikilia). Zikabadilishwa, mtetemo ukabaki palepale. Tukashusha giaboksi. Uso wa flaiwili unaokaa pleti ya klachi ulikuwa safi, unang'aa. Kuigeuza tu, nyuma kumejaa mistari ya kisu cha kerezo, mahali pengine kimekula zaidi kuliko pengine. Kwenye matundu ya bolti zinazoshika krenki (mhimili mkuu wa injini), mawili yalikuwa na ufa unaoanzia ukingoni mwa tundu kwenda nje. Ni mwembamba, kwa macho unaupita, ila ukipitisha kucha inakwama.

Nikachukua drili nikatoboa kidogo pembeni. Kilichotoka ni unga mweusi. Ukiusugua kati ya vidole unaacha weusi wa kung'aa kama risasi ya penseli. Kromoli ni chuma cha pua (steel, si stainless) kilichochanganywa kromiamu na molibdenamu, ukikitoboa hutoa nyuzi ndefu zinazojisokota. Unga mweusi ni dalili ya kasti, yaani chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na weusi ule ni kaboni iliyomo ndani yake. Kijana aliuangalia ule unga kwenye kiganja changu, akanyamaza.

Sasa mtu atauliza, si flaiwili nyingi za kiwandani ni kasti hizohizo, mbona hazipasuki? Ni kweli, na ukiiacha na unene wake haina shida hata injini ifikishe miaka 20. Lakini ule unene haukuwekwa kwa bahati. Flaiwili ya Subaru ina kipenyo cha karibu sentimita 30. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Nguvu inayotaka kuitawanya inakua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 700 ya sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) kwenda 7,000, mizunguko imeongezeka mara 10 lakini ile nguvu imeongezeka mara 100. Kasti inavumilia sana kubanwa, haivumilii sana kuvutwa, na kuzunguka ni kuvutwa kutoka kila upande. Ongeza mikwaruzo ya kisu ambako nyufa hupenda kuanzia, ongeza joto la klachi la miaka mingi kwenye gari la kwanza, halafu mtu ameondoa nyama karibu na matundu ya bolti. Kizuizi pekee kati ya kitu hicho na miguu yako ni kava la giaboksi la aluminiamu na bati la sakafu ya gari.

Ndiyo sababu Marekani kuna viwango vya taasisi ya SFI kwa flaiwili na klachi za magari ya mashindano. Kiwango namba 1.1 ni cha vifaa hivi, na kipande kilichothibitishwa huwa na alama yake. Muuzaji wetu alipoulizwa kuhusu SFI alijibu, "hiyo ni ya Wazungu, hii ni ya Japani." Anayeuza kifaa cha kuzunguka mara 7,000 kwa dakika na hataki kujua kinathibitishwaje, hafai kupewa hata shilingi.

Nisiwaonee mafundi wa kerezo. Kupiga uso wa flaiwili ili klachi mpya ikae vizuri ni kazi halali, mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar wanaifanya kila siku na wanaifanya vizuri. Pale kinachoondolewa ni sehemu ndogo ya milimita. Kuondoa kilo nne ni jambo lingine kabisa, na huenda hata aliyekereza hakuambiwa inaenda kuuzwa kama nini.

Uongo wake wa pili ni kwenye ahadi. Anaandika kwamba flaiwili nyepesi inaongeza nguvu za farasi 30, inapunguza mafuta, na haina hasara yoyote. Hata ile halali haifanyi hivyo, na hapa wengi wanapigwa kwa sababu hawajaelezwa kazi yake.

Flaiwili haizalishi nguvu. Inatunza mzunguko. Ikiwa nzito, injini inapanda taratibu na kushuka taratibu. Ikiwa nyepesi, inapanda upesi na kushuka upesi. Faida yake unaiona kwenye gia za chini, kwa kuwa pale injini inaongeza mizunguko haraka wakati gari linasogea kidogo. Kwa giaboksi ya WRX ya gia tano, kupunguza kilo nne kwenye flaiwili kunaweza kuhisiwa gia ya kwanza kama umepunguza kilo mia moja hivi kwenye gari lenyewe. Gia ya tano faida hiyohiyo inabaki kilo tano tu, yaani hakuna kitu. Kwenye mashine ya kupimia nguvu unaweza kuona namba imepanda kidogo, kwa sababu injini inatumia nguvu kidogo kuizungusha flaiwili yenyewe inapopanda. Lakini gari likiwa kwenye mwendo uleule barabara ya Morogoro, nguvu ni ileile na mafuta ni yaleyale.

Kinachopendeza kweli ni kushusha gia. Unagusa mafuta kidogo, mizunguko inaruka inapotakiwa, gia inaingia laini. Kwa anayekimbiza gari kwenye mzunguko wa mashindano au rali, hilo lina thamani na sibishani naye.

Ila kwa gari la kutembelea Dar, hesabu inageuka. Foleni ya Kimara saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kimewashwa kwa sababu jua halina huruma, kompresa ikishika sailensa inashuka na flaiwili nyepesi haina akiba ya kuibeba. Unaachia klachi, gari linazimika. Ili lisizimike unakanyaga mafuta zaidi na kusugua klachi, na klachi inaisha kabla ya wakati. Kwenye kilima na bodaboda amesimama nyuma yako sentimita chache, utaelewa ninachosema. Halafu kuna kelele: ukiwa nyutro na umeachia klachi, giaboksi inagongagonga kama kuna nati ndani, kwa sababu mapigo ya injini yaliyokuwa yanamezwa na uzito sasa yanafika kwenye meno ya gia. Baadhi ya Legacy na Forester zilitoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, na kazi ya springi hizo ni kumeza mapigo hayo. Ukiiweka nyepesi ya kipande kimoja, kelele inazidi. Magari mengine huwasha hata taa ya injini kwenye dashibodi, maana kompyuta inasoma mzunguko wa krenki usiotulia na kudhani silinda haichomi.

Na kwa gari la tabo kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Unapobadilisha gia, mizunguko inaanguka haraka kuliko mwanzo. Ukichelewa kidogo kuingiza gia inayofuata, injini imeshashuka na tabo inaanza kujaza upya. Na kuondoka kwa kasi kutoka kusimama, flaiwili nzito inakusaidia, kwa kuwa imehifadhi nguvu kabla hujaachia klachi.

Bado unaitaka? Ni haki yako, lakini nunua ya kweli. Ya kromoli mpya kutoka kiwanda kinachojulikana huanzia dola 300 na kuendelea kabla ya usafiri na ushuru, hivyo mtu akikuletea hadi mlangoni kwa laki nne na nusu, ujue kuna kitu hakipo. Ipime kwa mizani: ya kiwandani ya WRX ni kama kilo 10 na zaidi, nyepesi za kromoli ni kama kilo sita, na mtengenezaji wa kweli hutaja uzito wa bidhaa yake. Kisha angalia kwa makini meno ya ringi gia, yaani duara la meno ukingoni ambalo stata hulishika kuwasha injini. Injini ya silinda nne huzimika karibu mahali palepale kila mara, kwa hiyo stata hula meno sehemu mbili zinazotazamana. Flaiwili mpya haiwezi kuwa na meno yaliyoliwa. Ya kijana yule ilikuwa nayo, ila rangi ya fedha ilikuwa imepigwa juu yake.

Ininginize kwa kamba na uigonge taratibu kwa nyundo ndogo. Chuma cha pua kinalia na sauti inaendelea kidogo. Kasti inatoa mlio butu unaokufa hapohapo. Kama muuzaji anakubali, gusisha ukingo wake kwenye grainda kwa sekunde moja: kasti hutoa cheche fupi nyekundu, chuma cha pua hutoa cheche ndefu za njano zinazong'aa. Aliye na bidhaa halali hataogopa jaribio hilo. Huyu ninayemsema hakubali hata uione kabla ya kulipa.

Namna anavyofanya kazi ni hii. Anataka hela yote kwanza, kwa simu, na jina linalotokea unapotuma si la duka analolitaja. Risiti ya EFD hana, anasema mashine imeharibika. Ukiomba picha ya upande wa nyuma anakutumia tena ile ya mbele. Ukilalamika, kwanza anasema fundi wako hajui kufunga, kisha anakublock, baada ya muda anarudi na akaunti nyingine na picha zilezile. Namba na jina siviweki hapa kwa sababu anabadilisha kila mara, na namba ya leo kesho inaweza kuwa ya mtu asiye na hatia. Mwangalieni kwa tabia hizi.

Mliokwisha kupigwa, tunzeni ujumbe wote, matangazo yake na uthibitisho wa muamala kabla hajafuta. Bidhaa zenye nembo za kughushi ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na kujipatia fedha kwa udanganyifu wa mtandaoni kunaripotiwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu inayotumika kutapeli itumeni 15040. Kijana wa WRX ameshafungua jalada, na wengine wakifungua, malalamiko yatakuwa na uzito zaidi.

Na kama imeshafungwa kwenye gari lako, acha kulikimbiza kuanzia leo. Peleka gereji taratibu, injini isizidi mizunguko 3,000, na kama linatetemeka usiendeshe kabisa, livutwe. Shusheni giaboksi, safisheni flaiwili mpaka mafuta yote yatoke na iwe kavu, pulizieni dawa ya rangi ya kutafutia nyufa, mkitazama hasa matundu ya bolti na upande wa nyuma. Mkikuta ni kasti iliyokerezwa, irudishwe ya kawaida hata kama ufa haujaonekana. Hiyo iliyokerezwa msimuuzie mtu wa vyuma chakavu ikiwa nzima, ikateni kwa grainda kwanza.