Le Roi de cœur (1966): angalia wanavaa nini

Nyota nne kati ya tano. Jina la filamu hii kwa Kiswahili ni Mfalme wa Kopa, yule wa kwenye karata. Mwongozaji ni Mfaransa Philippe de Broca, urefu ni dakika 102. Kabla hujaanza kuitazama, kagua mambo mawili kwenye nakala yako. Yakikosewa utakuwa umeona filamu nyingine.

La kwanza ni sauti. Filamu ni ya Vita Kuu ya Kwanza, na humu Waskoti wanasema Kiingereza, Wajerumani Kijerumani na wenyeji Kifaransa, na kicheko kingi kinatoka kwenye kutoelewana huko. Askari Plumpick, anayeigizwa na Alan Bates, ni mtunza njiwa wa jeshi la Waskoti. Hajui lolote kuhusu mabomu, lakini anatumwa kwenda kutegua bomu kwa kuwa tu anajua Kifaransa. Sasa ukipata nakala ambayo wote wametiwa sauti ya lugha moja, hata sababu ya kutumwa kwake inapotea. Weka sauti ya asili, washa maandishi ya chini. Waliozoea muvi za DJ nawaomba hii wasiitazame hivyo, maana kuna vipande virefu ambamo hakuna anayesema kitu, ni muziki wa Georges Delerue na nyuso za watu tu.

La pili ni upana wa picha. Ilipigwa kwa mfumo wa Techniscope, picha pana ya 2.35 kwa 1. Ukibonyeza kitufe cha kujaza kioo cha runinga, unakata pembeni, na pembeni ndiko kwenye raha: Plumpick anahangaika katikati, huku pembezoni kila mmoja anaendelea na shughuli yake kana kwamba hakuna vita. Techniscope ilitumia matundu mawili ya mkanda kwa kila picha badala ya manne, hivyo chengachenga utakazoziona ni za mkanda wenyewe, si ubovu wa nakala. Zima ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo. Ukipata nakala iliyosafishwa upya kwa 4K, chukua hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ni Oktoba 1918, katika mji wa Marville kaskazini mwa Ufaransa (picha zilipigwa Senlis). Wajerumani wanaondoka, wametega baruti ya kuuangamiza mji mzima na kuiunganisha na saa ya mnarani: sanamu ya askari mwenye deraya ikitoka saa sita usiku kugonga kengele, kila kitu kinalipuka. Wenyeji wanakimbia. Wanaobaki ni wanyama wa sarakasi na wagonjwa wa hospitali ya vichaa. Plumpick anakimbizwa, anajificha humo hospitalini, anaulizwa yeye ni nani, anajibu kwamba ni Mfalme wa Kopa. Akitoka, mlango unabaki wazi.

Hapo ndipo filamu inapokolea. Wagonjwa hawatoki wakipiga mayowe. Wanaingia mjini taratibu, wanafungua nyumba zilizoachwa na kuvaa wanachokikuta. Aliyepata joho la askofu (Julien Guiomar) ni askofu. Michel Serrault anashika vifaa vya kinyozi, ni kinyozi. Micheline Presle anafungua danguro, Jean-Claude Brialy ni duki, Pierre Brasseur ni jenerali. Hakuna anayemuuliza mwenzake cheo kakipata wapi. Kwetu mtu akiambiwa apelekwe Mirembe, au Mathari kwa Wakenya, maneno yake hayana uzito tena. De Broca anawapa watu hao mji mzima, nao wanauendesha kwa adabu kuliko majeshi mawili yanayougombania. Watazame Waskoti na vikoi vyao vya mirabamiraba, kisha Wajerumani na kofia zao za chuma, halafu mrudie yule askofu. Wote wamevaa mavazi ya kazi waliyokabidhiwa. Tofauti ni kwamba mavazi ya wengine yanakuja na bunduki.

Kipande ninachokipenda kupita vyote ni pale Plumpick, ambaye wagonjwa wamemfanya mfalme wao, anapojaribu kuwatoa raia zake nje ya mji ili wasilipuke. Wanamfuata kwa furaha hadi ukingoni, kisha wanasimama. Huko nje hawaendi. Bates anaigiza hapo kwa uso tu, na unaona jinsi anavyoanza kufikiri kwamba huenda wako sahihi.

Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Waskoti na Wajerumani wanakutana uwanjani, wanapanga mistari na kumalizana kabisa, huku wagonjwa wakitazama kutoka roshani. Anayejua kwamba huku Afrika jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza, hataona kwamba kipande hicho kimetiwa chumvi. Wagonjwa wanavua mavazi, wanarudi hospitalini wenyewe. Na Plumpick, aliyekwisha kuvishwa nishani, anaonekana mara ya mwisho mbele ya geti lao, uchi wa mnyama, mkononi tundu la njiwa.

Kasoro zipo. Baada ya kutawazwa kwa mfalme, filamu inazungukazunguka na bomu linasahaulika, hivyo ile hofu ya saa sita inalegea. Pia ukichaa wa humu hauumi: hakuna anayeteswa na sauti kichwani wala kukosa usingizi. Aliyeuguza mgonjwa wa akili nyumbani anaweza kukereka, na ana haki. Geneviève Bujold, anayetembea juu ya waya kama mcheza sarakasi, anavutia mno, lakini msichana anayemwigiza kawekwa danguroni na filamu inalipita jambo hilo kijuujuu.

Ufaransa haikuijali ilipotoka. Ni Marekani ya miaka ya 1970 iliyoipokea, na sinema moja ya Cambridge, Massachusetts, iliionyesha kwa takribani miaka mitano mfululizo. Ukitaka kuitazama na watoto, fikiria kwanza lile danguro, yale maiti ya uwanjani na ule uchi wa mwisho. Kwa wenye miaka 14 na zaidi sioni tatizo, ilimradi waweze kusoma maandishi ya chini kwa haraka.