Adapta za pawalaini kwa chumba cha juu: nimezitumia, nikaishia kuvuta waya

Kwa asiyependa kusoma marefu: pawalaini, yani adapta za kupitisha intaneti kwenye waya za umeme za ukutani, zinafanya kazi, sio utapeli, ila kwa umeme wetu huu wa kukatika katika mi nimezistaafisha na saivi chumbani kwangu juu kuna waya.

Nyumba ni ya mama, ghorofa moja huku Kimara. Fiba imeingilia sebuleni chini, ruta ikawekwa palepale nyuma ya tivii, mi nalala juu upande wa nyuma na kazi zangu zote ni za mtandaoni, mikutano ya video na kupandisha mafaili makubwa. Kati yangu na ruta kuna zege limejaa nondo, yani wavu wa chuma umelala katikati ya nyumba, sasa waifai ya 5 GHz ikifika pale ndo mwisho wake, ile ya 2.4 inapita kwa kujikongoja alafu juu inakutana na waifai za majirani wote maana chaneli zisizoingiliana kule ni tatu tu, 1, 6 na 11. Ripita, kile kidude cha kuirusha waifai mbele zaidi, ilishakuwepo. Zile za bei chee zinapokea na kurusha kwa redio hiyohiyo moja kwahiyo spidi inashuka kama nusu, simu inakuonyesha mistari imejaa na ukurasa haufunguki, inaudhi sana.

Nikataka kuvuta waya, mama akasema rangi ndo kwanza imekauka, hakuna fundi wa kutoboa ukuta wake. Basi nikanunua pawalaini.

Zinakuja mbili. Moja unachomeka soketi ya karibu na ruta unaiunganisha kwa waya mfupi, nyingine unachomeka chumbani, ina tundu la waya wa mtandao, unaingiza kwenye laptop, umemaliza. Intaneti inapita kwenye waya za umeme zilezile za ukutani. Kufunga hakuhitaji fundi, hapo sina neno. Ila boksi lina mbwembwe. Limeandikwa spidi ya 600 Mbps kwa maandishi makubwa, ukija kwenye tundu lenyewe ni la 100 Mbps. Kifurushi chetu ni 50, kwangu nilikuwa napata thelathini na kitu nyumba ikiwa imetulia, ikiwashwa pampu ya maji au blenda inaanguka vibaya, friji nayo ikistuka unaona video inaganda. Hivi vitu vyote vinatia kelele kwenye waya, hadi zile chaja za simu za barabarani. Na kama chumba chako kina breka yake, mawimbi yanabidi yazunguke mpaka kwenye mein switch ndo yarudi, kwahiyo usipime kwa macho ukasema mbona ni karibu.

Ukizinunua usizichomeke kwenye ekstensheni wala TV gadi, mle kuna vichujio vinavyokula mawimbi yake, weka ukutani moja kwa moja. Na nyie mliopanga nyumba yenye LUKU moja msiache kubonyeza kitufe cha Pair kinachozipa adapta zako nywila yake, kwa sababu nyingi zinatoka kiwandani na nywila inayofanana, jirani mwenye za aina hiyo anaweza akajikuta yumo kwenye mtandao wako na wala hajui.

Kilichonishinda hasa ni umeme. Ruta na kile kiboksi cha fiba tumeviwekea UPS ndogo ya volti 12, yani betri ya akiba, umeme ukikatika sebuleni intaneti inaendelea kama kawaida, laptop yangu ina betri yake, lakini pawalaini inakula umeme wa ukutani, inazima hapohapo. Yani nyumba nzima ina intaneti kasoro mi ninayeilipia, nabeba laptop katikati ya mkutano nashuka kukaa kwenye ngazi. Hili hutalikuta limeandikwa popote kwenye boksi, wanaoziandikia wana umeme masaa yote.

Mama mwenyewe ndo alichoka kunirukaruka pale kwenye ngazi, akaruhusu fundi aje angalau aangalie. Fundi akazunguka, akauliza swali moja tu, "Dada, waya wa dishi unapita wapi?" Kumbe bomba lake limezikwa ukutani toka nyuma ya tivii mpaka darini. Akafunga waya mpya pamoja na kamba kwenye mwisho wa ule wa dishi, akapaka sabuni ya maji, mmoja anasukuma chini mwingine anavuta juu, alafu ile kamba ikatumika kurudisha wa dishi. Toka pale ukapita juu ya jipsamu ya korido ukashukia kwangu, ukutani hakukuguswa kitu. Bomba la umeme alilikataa katakata, waya wa data haulali na wa volti 230, na fundi atakayekwambia haina shida mwache aende. Kuna adapta za MoCA za kupitisha intaneti kwenye waya wa dishi wenyewe, lakini masafa yake yanagongana na ya dishi, mama na tamthilia zake asingeelewa.

Waya nunua wa shaba tupu. Kariakoo wamejaa wa alumini uliopakwa shaba juu, kwangua kwa kisu ukiona weupe ndani rudisha, ni mwepesi na unakatika kirahisi kwenye kukrimpu, yani kubana kile kichwa cha mwisho wa waya. Nilichukua waya wa daraja la Cat6 ingawa hata wa chini yake, Cat5e, unabeba 1 Gbps (yani 1000 Mbps) mpaka mita 100. Akimaliza usimlipe kabla hujaangalia kompyuta inasema imeunganishwa kwa ngapi. Yangu ilianza na 100 Mbps, maana yake kati ya zile nyaya nane kuna ambayo haijashika, akakata kichwa akakrimpu upya ikasoma 1 Gbps.

Saivi napata 50 yangu yote pampu iwake isiwake, na umeme ukikatika watu kwenye mkutano hawajui. Gharama, waya na ufundi jumla ilikuwa chini ya bei ya zile adapta, hapo ndo paliniuma. Pawalaini nazipa 6 kati ya 10, waya 9, hiyo moja nimeikata kwa vumbi la darini lililomwagika kitandani kwangu.

Adapta zenyewe amezichukua mama kwa ajili ya tivii ya chumbani kwake, kule umeme ukikatika na tivii inazima kwahiyo hana cha kulalamika.