“Mzee, tiketi yako ya daraja la ngapi?”

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa. Kampuni iliyotuuzia “safari ya historia na utamaduni kwa treni” kutoka Tabora kwenda Kigoma siitaji jina. Wenyewe wakisoma watajijua. Ila ndugu yangu yeyote akiniuliza kama awape pesa yake, jibu langu ni hapana. Nauli, saa ya kuondoka, tofauti ya madaraja, hayo ukienda dirishani kukata tiketi utaambiwa. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo lilitokea asubuhi ndani ya behewa la chakula, tukiwa tumeshaiacha Nguruka.

Nilikwenda na mwanangu wa kidato cha pili. Huyu mtoto aliwahi kuniambia kuwa historia ni majina ya Wazungu na miaka ya kukariri, na mimi niliyezaliwa Tabora niliumia, maana sisi tumelelewa juu ya historia yenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba mizigo ya nusu ya bara hili. Kampuni ilijinadi vizuri: mwongozaji atakuwa nanyi njia nzima, atawasimulia misafara ya biashara, mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, reli ya Mjerumani, hadi Ujiji. Nikaona hapa mtoto atapona.

Mchana walitupeleka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuona tembe alimokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Hapo sina neno, palikwenda sawa. Treni kutoka Dar ikaingia usiku, imechelewa, mabehewa ya Mwanza yakakatwa yakashika njia yao, nasi tukaondoka. Kuchelewa kwa treni sikulalamikii. Anayepanda reli ya kati anajua kuna kusubiri, na stesheni ya Tabora usiku, na wale kinamama wa chai na maandazi, ni mahali pazuri pa kusubiri.

Lakini Urambo tukaipita mwongozaji amelala. Urambo! Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe, huko Tabora, wakapigana naye, Stanley, yule mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akiwa upande wao, wakashindwa, naye Stanley ikambidi azunguke mbali kusini ndipo afike kwa Livingstone. Njia ile aliyoikwepa ndiyo reli inayopita leo, katikati ya nchi ya Mirambo, na sisi tuliolipia kusikia habari hizo tumeachwa tunakoroma. Nilimwamsha mwanangu mwenyewe nikamsimulia gizani kwa sauti ya chini, abiria wengine wasiudhike. Hilo peke yake ningelisamehe. Usiku ni usiku.

Asubuhi tukaitwa behewa la chakula tupate chai na maelezo. Mwongozaji, kijana mwenye fulana ya kampuni, akatoa simu akaanza kusoma. Anasoma kweli, macho hayainuki, na dirishani mabwawa ya Malagarasi yanapita, maji na matete hadi upeo wa macho, ndege weupe wanaruka, yeye hana habari. Akafika kwenye Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Akasema ni meli ya Waingereza, waliijenga Kigoma baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja, kanzu imepauka, koti juu yake, kikombe cha chai na chapati mbele yake, amelipa kama tulivyolipa sisi. Akainamisha kichwa kwa adabu akasema, “Samahani kijana wangu. Waingereza waliiopoa tu. Waliounda ni Wajerumani, wakaileta vipande vipande kwa reli hii hii.”

Mwongozaji akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. “Mzee, tiketi yako ya daraja la ngapi?”

“La tatu, mwanangu.”

“Basi hapa ni pa wageni wetu. Wamelipia. Rudi behewani kwako.”

Hakumwamkia. Hata shikamoo hakumpa. Na yule mzee akakunja chapati yake kwenye gazeti, akachukua kikombe, akatugeukia sisi sote akasema, “Haya, samahanini.” Yeye ndiye aliyeomba radhi! Tangu siku hiyo kila nikikumbuka lile “samahanini” damu inanichemka.

Tena mzee alikuwa sahihi, kila neno. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaja Kigoma kwa reli na kuunganishwa pale ziwani. Ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Si siri, na watu wa Kigoma wanaijua habari hiyo. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo, na huyu kijana alikuwa na mzee pembeni yake, amekuja kumwokoa na aibu bure, akamfukuza. Na alimfukuza kwa jina langu! “Wageni wetu wamelipia.” Mimi nililipia nini kama si kusikia wazee wa njia hii?

Nikamwambia hapo hapo, mbele ya wote, kwamba amekosa adabu na amwite mzee arudi. Akanijibu, “Mama, kama una malalamiko kuna fomu mwisho wa safari.” Fomu.

Nikamshika mwanangu mkono tukatoka tukamfuata mzee daraja la tatu. Tulimkuta karibu na mlango, amekaa juu ya kiroba cha karanga. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa niaba ya watu wasiojua kuomba. Akacheka kidogo, akauliza kwetu wapi. Nilipotaja Tabora akanisalimia “mwangaluka”, Kinyamwezi safi, ingawa mwenyewe ni Muha, kisha akamwambia mwanangu, “Mjukuu wangu, njoo ukae hapa uone njia.” Abiria wakasogea, mama mmoja akapakata kuku wake tupate nafasi.

Kumbe mzee alifanya kazi gengi, kundi la kutunza reli, miaka mingi. Alitembea reli hii kwa miguu, alfajiri hadi jioni, nyundo begani, akikaza bolti na kurudishia kokoto zilizochukuliwa na maji. Tuliposimama kituoni akamwonyesha mwanangu mataruma ya chuma chini ya reli, akamfundisha kutazama kama reli imelala sawa au imepinda. Akasema watoto wanasoma kwamba Mjerumani alijenga reli, ifike Tabora 1912, ifike Kigoma 1914, lakini Mjerumani alisimama na kofia yake. Tuta lilichimbwa na watu weusi, kwa jembe na karai. Na wajukuu wao ndio waliokuja kuitunza. “Sisi tukilala siku moja mvua za masika, nyinyi hamfiki,” alisema.

Akamwuliza mwanangu, kwa nini reli haikwenda Ujiji wakati Ujiji ndio uliokuwa mji? Mtoto hakujua, na mimi nikanyamaza nimsikie. Akaeleza kwa viganja vyake viwili: ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima, meli inasogea hadi gatini, lakini Ujiji maji ni mafupi. Hivyo mji mkubwa wa misafara ukaachwa pembeni na mji mpya ukaota mwisho wa reli. Mwanangu akatoa daftari akaandika. Sijawahi kumwona akiandika historia bila kuamriwa.

Uvinza tukanunua chumvi dirishani, na hapo mzee akawa mwingine kabisa. Chumvi ile, alisema, watu wameichemsha kwenye vyungu kutoka maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kabla ya Mwarabu, kabla ya Mjerumani. Ilibebwa huku na huku, ikabadilishwa kwa jembe, kwa mbuzi, kwa mafuta ya mawese. Misafara haikuja kutufundisha biashara, ilikuta njia zimeshakanyagwa. Mama mwenye kuku akadakia kuwa bibi yake alikuwa mchemsha chumvi, na behewa zima likaanza kusimulia, huyu anasahihisha, yule anaongeza, mwingine anaapa kwamba babu yake aliiona ile sarafu ya dhahabu yenye tembo. Sarafu ile ni ya kweli, ilifuliwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamebanwa na vita. Kuhusu babu yake siwezi kuapa, ila namna alivyosimulia ningemsikiliza hadi Bujumbura.

Ukweli ni kwamba kuanzia hapo hadi Kigoma nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu. Kazuramimba, Kandaga, michikichi imeanza kuonekana, vilima vinainuka, kisha ziwa likajitokeza la buluu na behewa zima likasimama kulitazama, hata waliolizoea. Kwa hiyo ukiniuliza kama safari hii ni nzuri, nitasema ni nzuri mno, mpeleke mwanao, usichelewe. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ulishatiwa saini mwaka 2022, na wazee wa gengi wanaondoka mmoja mmoja. Anayetaka kuwasikia awahi.

Na nitende haki. Ujiji yule kijana alituletea gari zuri kwa wakati. Pale kwenye mnara, chini ya miembe inayosemekana ni uzao wa ule waliokutania Stanley na Livingstone mwaka 1871, aliweka simu mfukoni akamwachia mhudumu wa makumbusho aongee, na mhudumu alituhudumia vyema. Nikaanza kulegea. Nikajisemea huenda ofisi yake ndiyo iliyomwambia asiruhusu watu wa daraja jingine kuwakaribia wageni, huenda ni mgeni kazini. Nilitaka kuandika kwamba kampuni si mbaya, ina kijana mmoja wa kufundishwa.

Ndipo wakanipigia simu. Dada wa ofisini, sauti tamu, akaniambia wameiona fomu yangu na wanataka kunipa punguzo kwenye safari ijayo kwa “usumbufu nilioupata”. Nikamwambia mimi sikusumbuliwa, aliyesumbuliwa ni mzee wa watu. Akauliza, “Huyo alikuwa mteja wetu?” Nikamjibu hapana. Akasema basi hawana utaratibu wa hilo.

Narudi pale pale nilipoanzia, basi. Msiwape. Kateni tiketi zenu dirishani, Tabora au Kigoma, mpande kama watu wengine, mnunue asali, karanga na migebuka, mtembee behewa hadi behewa, mkimwona mzee mwamkieni kwanza. Punguzo lao sijalichukua na sitalichukua. Ninachotaka ni kimoja: yule kijana aende Kigoma, amtafute mzee, ampe shikamoo aliyomnyima, amwombe radhi. Kwa watu wa reli si vigumu kumpata mtu aliyefanya kazi gengi miaka yote hiyo. Akishafanya hivyo nitayafuta maneno yangu yote humu mimi mwenyewe.