Audacity na santuri za baba
Mwezi wa pili sasa nahamisha santuri za marehemu baba kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, na nimeridhika sana. Narekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, vipimo vya ubora wa sauti. Upande mmoja wa dakika 20 unakula takriban megabaiti 690, lakini ukihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, faili linapungua bila sauti kupotea hata chembe. Kilele cha sauti, yaani pale inapokuwa kubwa zaidi, sikiruhusu kipite desibeli -6, maana sauti ikishapasuka haitengenezeki. Mikwaruzo naiondoa mmoja mmoja; ukisafisha kwa mkupuo, matoazi yanafifia. Na jamani, osheni santuri kwanza! Jana, kwa mara ya kwanza, nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili.