Kirikuu ya mtumba na klachi inayoteleza: uzoefu wangu

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbezi, Dar es Salaam, na mizigo yote ya wateja inakwenda kwa kirikuu. Kwa msomaji asiye wa huku, hiyo ni Suzuki Carry, kale kapikapu kadogo ka Kijapani ka cc 660. Yangu ni ya gia tano za mkono, na niliinunua kwa mtu hapahapa mjini, ikiwa imeshafanya kazi. Kama gari la biashara naisifu bila kigugumizi: mafuta inanusa tu, inapenya vichochoro ambavyo Canter haigusi, na spea zake ukizitaka Kariakoo huzihangaikii. Ila ukinunua iliyokwisha kusota Dar, achana kwanza na rangi na matairi, kagua klachi.

Shida ni mzigo. Kiwandani imepewa kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji. Sasa simama jioni moja pale Kimara uzihesabu zinazopita na mifuko mingapi. Gari likiwa limezidiwa hivyo, dereva akitaka kuondoka mlimani hana namna ila kuachia klachi nusunusu huku anapiga resi. Pleti, yaani ile sahani ya klachi, badala ya kushikana na flaiwili, gurudumu la chuma linalozungushwa na injini, inasuguana nayo. Inapata moto, inalika, na siku ikifika haishiki tena.

Lakini kirikuu tupu inaficha ugonjwa huu vizuri sana. Dalali atakupa ufunguo, utazunguka mtaa, gia zinaingia laini, utarudi umeridhika. Pleti iliyochoka bado inaweza kusukuma gari lisilo na kitu. Ipakie, iweke gia ya nne, ikute mlima, ndipo utakaposikia. Nasema utasikia kwa sababu dashibodi ya yangu, kama nyingi za aina hii, haina mshale wa resi. Ni masikio tu. Mlio wa injini unapanda kama umekanyaga klachi kidogo, wakati mguu wako hauko huko kabisa, na mshale wa spidi umetulia palepale. Baada ya hapo inakuja harufu, kali na ya kuunguaungua, inayoingia ndani kwa urahisi kwa kuwa injini yenyewe iko chini ya kiti ulichokalia.

Yangu ilipoanza hivyo, gereji ya kwanza niliyoipeleka ilisikiliza injini ikiwa imesimama, ikaniambia imechoka, inahitaji kushushwa na kufanyiwa ovahoo. “Dada, injini hizi ndogo ndivyo zilivyo, hazivuti.” Hakuna aliyeiendesha. Sikuacha gari pale. Injini iliyochoka haivuti, ni kweli, lakini hata mlio wake haupandi, inajikongoja pamoja na gari. Mlio ukipanda na gari likabaki nyuma, nguvu ipo, ila inapotea njiani kabla ya kufika kwenye giaboksi.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva wa bajaji, na huyu ndiye ninayemwandikia sifa. Kabla ya kugusa spana alipima, na alipima kwa mpangilio. Aliweka gari sehemu tambarare, akavuta handibreki, akatia mawe matairi ya nyuma. Akawasha, akaweka gia ya nne, akaanza kuachia klachi polepole. Klachi nzima ingezima injini papo hapo. Yangu iliguna, ikashuka mlio, ikaendelea kuunguruma kana kwamba iko huru. Akazima mara moja. Nikamwomba arudie ili nione vizuri, akakataa: “Dada, kila ukirudia unamalizia kidogo kilichobaki.”

Kumbe hata hapo hakuwa amehukumu pleti. Alishuka chini akashika waya wa klachi. Kirikuu hii haitumii mafuta kwenye klachi, ni waya, na waya unatakiwa uwe na ulegevu kidogo, ili pedeli ishuke kama sentimita mbili hivi bila kazi yoyote kabla haijaanza kuwa ngumu. Pleti inavyolika, ule ulegevu unapungua. Ukiisha kabisa ni sawa na dereva kuegemeza mguu kwenye pedeli kutwa nzima: presha pleti, inayoibana pleti kwenye flaiwili, haibani inavyotakiwa, na klachi itateleza hata kama pleti haijaisha. Wapo watu wamebadilishiwa kila kitu kwa sababu ya nati moja. Aliilegeza, tukaingia barabarani na mifuko michache nyuma. Pale palipo tambarare ilikuwa afadhali, mlimani ikapiga kelele vilevile. Hapo ndipo aliposema ishushwe giaboksi.

Kabla ya kushusha alipitisha kidole chini ya kengele ya giaboksi, lile ganda linalofunika klachi, kutafuta mafuta. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili inamwagikia pleti na pleti yenye oili haishiki, hata ikiwa mpya ya jana. Ukifunga nyingine bila kubadili sili umetupa pesa. Oili ya injini ni nyeusi, ya giaboksi ni nzito na inanuka salfa, kwa hiyo kidole na pua vinatosha kukuonyesha wapi panavuja. Yangu ilikuwa kavu.

Pleti ilipotoka, alinipa niishike. Upande mmoja ribiti zilikuwa zimeshaanza kuchora flaiwili, unazipapasa kwa ukucha. Uso wa flaiwili ulikuwa na madoa ya bluu ya moto. Aliipeleka kukerezwa, akanituma nikanunue seti nzima: pleti, presha pleti na rilizi, ile beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi. Kuna maduka yatakayokushawishi uchukue pleti peke yake. Usikubali. Kazi kubwa unayolipia ni kushusha na kupandisha, na rilizi ikianza kulia mwezi ujao utalipia kazi ileile upya.

Sasa pedeli ni laini, inashika chini katikati badala ya juu kabisa, na gia ya nne inapandisha mlima wa Kimara na mzigo halali bila kulalamika. Fundi alinikataza kubeba mzigo mzito mwanzoni, mpaka pleti na flaiwili vizoeane, na dereva wangu nimembana kwenye hilo kuliko kwenye hesabu za mafuta.

Kirikuu naipa nyota nne. Fundi nampa nne pia. Moja nimeipunguza kwa sababu ya muda: aliniambia jioni, nikalipata gari kesho yake mchana, na simu alikuwa hapokei.

Kwa anayekwenda kununua: ile ya handibreki mwombe muuzaji muifanye mara moja tu, halafu panda mlima kwa gia ya nne, watu wawili wazito wakiwa nyuma kama mzigo haupo. Gia zikikwaruza kuingia hilo ni tatizo jingine, klachi haiachii. Mlio ukisikika tu unapokanyaga pedeli, hiyo ni rilizi. Ikiteleza, si lazima uliache gari. Piga hesabu ya seti, ufundi na kukereza flaiwili, uikate kwenye bei. Muuzaji akikataa kupunguza, mjini kirikuu ziko nyingi.