ns-3 au Mininet kwa tasnifu ya uzamili?

Ukiandika tasnifu ya uzamili kuhusu mitandao ya kompyuta, chombo unachochagua huamua maswali unayoweza kuuliza. ns-3 huiga mtandao kwa saa yake yenyewe: sekunde 1 ya mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa za kompyuta, lakini ukirudia jaribio kwa mipangilio ileile, matokeo ni yaleyale. Kwa utafiti wa Wi-Fi mimi nisingesita kuichagua.

Mininet, iliyotoka Stanford mwaka 2010, huendesha programu halisi za Linux juu ya mtandao wa kuigwa ndani ya kompyuta moja. TCP (itifaki ya kusafirisha data) unayoipima ni ileile ya kwenye seva. Kwa OpenFlow, itifaki ya kudhibiti swichi za mtandao kwa programu, inafaa mno. Ila kompyuta ikielemewa, vipimo vya ucheleweshaji huharibika, na mtahini makini atauliza.