Vita vya Mangi Meli kwa upande wa Wajerumani: uzoefu wangu kwenye mhadhara wa makumbusho, Moshi

"Yaani ulipe hela ukasikilize Mjerumani akijitetea?" Hivyo ndivyo dada yangu alivyonijibu nilipomwalika. Hakuja, na kwa kweli amekosa.

Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000, chai na maandazi humo humo. Mhadhara wote uliendeshwa kwa Kiswahili. Mtoa mada ni kijana wa hapa hapa Moshi anayesoma Kijerumani, na hakuwatetea Wajerumani hata kidogo. Alichofanya ni kutuonyesha jinsi vita vya Juni 1892 vilivyoonekana kwa waliokuja na bunduki.

Hadithi ya upande wetu tunaijua. Meli, mtoto wa Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi, alishika nafasi ya baba yake mwaka 1891. Mwaka uliofuata akalipiga jeshi la Albrecht von Bülow, mkuu wa kituo cha Wajerumani hapa mlimani Kilimanjaro. Bülow akafa, na msaidizi wake Wolfrum akafa. Hapo ndipo wazee wetu huwa wanapiga makofi.

Kijana yule hakuanzia hapo. Alitupeleka kwanza Lugalo, Uhehe, Agosti 1891, ambako Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikiangamiza kikosi cha kamanda wa Kijerumani Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Jeshi la Wajerumani wakati huo lilikuwa dogo, na nchi waliyodai ni yao ilikuwa kubwa mno kwao. Kabla hata mwaka haujaisha, inawafikia habari kwamba na Moshi wamepigwa. Mimi nilikuwa nimeizoea hii kama habari ya Old Moshi, kwao Meli, peke yake. Nilipoiona imewekwa kando ya Lugalo kwenye meza ya afisa mmoja anayesoma ripoti zote mbili, ndipo ushindi wa Meli uliponijia kwa ukubwa wake. Sikutegemea upande wa adui ndio ungenionyesha hilo.

Sehemu iliyoamsha ukumbi ni ya wamisionari. Baada ya kipigo, Wajerumani waliondoka mlimani kwa muda, na ilibidi wapate maelezo. Maelezo yakapatikana: Waingereza! Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliokuwa Moshi tangu 1885, wakatuhumiwa kumpa Meli silaha. Kwamba Mchaga angeweza kupanga vita vyake mwenyewe na akashinda, hilo liliwakaa kooni. Wale wamisionari ikabidi wahamie Taveta, na mwaka 1893 wakaja Walutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, wakaanzia Machame. Watu wakaanza kutazamana. Nusu ya tuliokuwa pale tumebatizwa Kilutheri, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba vita vile vilikuwa na mkono katika jambo hilo.

Wakati huo sahani ya plastiki ilikuwa inazunguka, na ndani yake ganda la risasi ya Mauser ya 1871, ya milimita 11. Shaba imeshaingia weusi, na ni zito kuliko nilivyodhani. Bunduki hiyo inafyatua risasi moja, unafungua, unaweka nyingine, na baruti yake ya zamani inatoa moshi mzito. Mtoa mada akatuuliza tufikirie mtu anayepiga bunduki ya namna hiyo katikati ya migomba: yeye haoni mbele, wenzake wanaona moshi unatokea wapi.

Sasa kasoro. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliuliza, "Kijana, hao waliobeba hizo bunduki walikuwa Wazungu wote?"

"Hapana, mzee wangu. Wengi walikuwa askari Waafrika."

"Basi tueleze habari zao."

Hapo maelezo yakawa machache. Tuliambiwa kwamba Wissmann, kamanda wa kwanza wa jeshi hilo la Wajerumani, alianza kuajiri Wasudani kutoka Cairo na Washangaani kutoka Msumbiji mwaka 1889, na picha moja ikaonyeshwa, basi. Ripoti zinataja maafisa kwa majina na askari kwa idadi. Naelewa, lakini mhadhara unaoitwa wa upande wa pili haukupaswa kuwaachia dakika tano tu watu waliokuwa wengi upande huo. Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani, naye alipitishwa mbio mbio. Nadhani ni kwa kuwa ukumbini kulikuwa na watu wa Marangu, na walishaanza kukohoa.

Mwaka 1893 gavana von Schele alikuja mwenyewe akamshinda Meli, na mwaka uliofuata akaenda kuibomoa Kalenga, ngome ya Mkwawa. Hilo pamoja na kunyongwa kwa Meli na wenzake, 2 Machi 1900, vilifungwa ndani ya robo saa. Swali la kichwa cha Meli, kinachosemekana kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, liliulizwa mara mbili na likaahirishwa mara mbili.

Projekta ilikuwa hafifu kwa sababu dirisha moja halikuwa na pazia. Ramani nayo ilikuwa na majina ya Kijerumani matupu, ikawa tunaulizana Kibosho iko wapi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Watoto wa sekondari wapelekeni, wadogo watachoka. Fikeni mapema mkae mbele, na kama una swali lisukume mapema, maana muda wa maswali ni mfupi na wazee wa Old Moshi wakishashika kipaza sauti hawakiachii.